Sahibu, shamba la Mzee usiliuze kwanza

Sahibu yangu,

Onga mshi. Habari za Mombasa, za kazi, za wanangu na mama yao? Sisi huku wazima, ila mvua haitupi nafasi. Leo siku ya tatu gari halijapanda kutoka Muheza. Barua hii nampa kijana wa bodaboda ateremke nayo, akifika chini ataikabidhi kwa shemeji yako wa basi, naye ataivusha Horohoro. Najua tangu arubaini ya Mzee sijakuandikia hata mstari mmoja. Lawama nazipokea zote. Leo nimekaa na kalamu kwa sababu kuna jambo limeninyima usingizi, na simu yako kila nikipiga inaita mpaka inakatika.

Alhamisi nilikuwa juu na wenzangu wa kamati ya mazingira, tunafyeka mpaka wa msitu. Nikasikia watu wanaongea upande wa shamba la Mzee. Nikashuka. Nikamkuta baba yako mdogo na mtu nisiyemjua, ana futi kamba, anauzungushia ule mvule wa chemchemi. Nikasalimia, wakaitika. Yule mgeni akaniambia ameshaelewana na mwenyewe aliyeko Mombasa, imebaki kuandikishana kwa mtendaji. Mvule na mihesi vitapasuliwa mbao, halafu panasafishwa pote, panapandwa magimbi na ndizi. Baba yako mdogo akawa anatazama chini, hakusema neno.

Ni kweli, sahibu? Kama ni kweli sikulaumu. Shamba ni lako, Mzee alikuachia wewe, na ada za shule za watoto nazijua mimi mwenyewe zinavyobana. Nakuomba kitu kimoja tu: kabla hujatia sahihi, nisome mpaka mwisho.

Unakumbuka mwaka 2000, walipokuja shuleni kutuambia kwamba milima yetu ya Usambara Mashariki imeingia kwenye orodha ya hifadhi hai ya UNESCO, lile shirika la Umoja wa Mataifa? Tukaimba, tukapewa soda, tukarudi nyumbani. Mzee akatuuliza, "Sasa hiyo hifadhi hai, sisi tunahama au tunabaki?" Hatukuwa na jibu. Leo ninalo, na ningependa angekuwepo nimjibu.

Tunabaki. Hifadhi hai imetengenezwa hivyo tangu mwanzo. Katikati kuna kiini, ambacho kwetu ni msitu wa Amani uliotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, na misitu mingine iliyohifadhiwa kisheria. Hapo hakuna kulima. Pembeni yake kuna eneo la kinga, ambako kazi za watu zinaruhusiwa mradi zisiuumize msitu. Nje zaidi ni eneo la mpito, vijiji, mashamba ya chai, barabara, shule. Watu wamo ndani ya ramani. Na UNESCO haimiliki hata jani moja, ardhi inabaki chini ya sheria za nchi yetu. Hili nimemweleza baba yako mdogo mara mbili, maana mtu amemtia hofu kwamba "wazungu wa UNESCO" watalichukua shamba bure, kwa hiyo bora liuzwe mapema. Hakuna atakayelichukua. Hofu hiyo ndiyo imefanya watu wengi huku waikatie miti yao wenyewe kabla ya wakati.

Sasa tazama shamba la Mzee liko wapi. Juu yake msitu, chini yake kipande kile cha msitu wa bondeni, kushoto chai. Ni ukanda mwembamba, lakini ndio pekee upande ule unaounganisha msitu wa juu na wa chini. Yule Mmarekani, Newmark, aliyeanza kunasa ndege kwa nyavu katika milima hii miaka ya 1980 na kuwavisha pete miguuni, alionyesha kwamba ndege wa chini ya miti wanapungua na kupotea msitu ukikatika vipande vidogo. Wengine hawakubali kuvuka hata uwanja mdogo wenye jua. Ile shoro yetu yenye mdomo mrefu, inayojificha kwenye mitambaazi ukingoni mwa msitu, nje ya Usambara Mashariki inajulikana kaskazini mwa Msumbiji tu. Vinyonga ndio usiseme, wao wanatembea kwa mikono na miguu, watapitia wapi? (Wataalamu wamelipatia kundi zima la vinyonga wa milima hii na ya jirani jina la Kinyongia, kwa neno letu. Nilipolisikia nilifurahi siku nzima.)

Kiini kina askari, kina TFS, wakala wa misitu wa serikali, kina bikoni za mpaka. Hivi vipande vya katikati havina mtu ila sisi. Ndiyo maana nasema hifadhi hai yetu itakua au itakufa mashambani, na shamba la kwanza ninaloliona mbele yangu ni la Mzee.

Najua utasema: mbona Derema, walikoachishwa wakulima mashamba ili uwe ushoroba, yaani ukanda wa kuunganisha misitu? Na una haki. Zaidi ya watu elfu moja walikuwa na iliki katika ule ushoroba, shangazi yako mmoja wao. Tuliona mashina yakihesabiwa moja moja. Tuliona pia fedha za fidia zilivyokawia, na shangazi yako alivyosubiri, mpaka mwisho zilipofika zilikuta madeni yamezitangulia. Yule mama hajawahi kusema msitu ni mbaya. Anasema aliachishwa kitu kilichomlipa kila msimu akapewa kitu cha kulipa mara moja. Hilo nimelishika, na ninalisema katika kila mkutano hata wakinichoka. Kwa hiyo sikuombi ulitoe shamba sadaka.

Nakuomba hivi. Sehemu ya juu, kuanzia chemchemi mpaka bikoni, iingie kwenye msitu wa hifadhi wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaturuhusu kutenga msitu wetu wenyewe, kuutungia sheria ndogo na kuvuna kwa mpango, mapato yakabaki kijijini. Mkutano mkuu umekubali, tumeshapita na mtu wa halmashauri kuchora ramani, na sehemu yako tumeiacha nyeupe mpaka utakapojibu. Sehemu ya chini inabaki yako, unalima. Ila si iliki tena, na si magimbi ya jua kali.

Kuhusu iliki nataka tuongee kwa ukweli, maana sote imetusomesha. Inapenda kivuli, ndiyo, na kwa hiyo miti mikubwa haikatwi. Lakini ili ikae lazima ufyeke miche yote ya chini. Miti mikubwa inazeeka, haina watoto. Miaka inapita, udongo unachoka, iliki inapungua kuzaa, mwenye shamba anaangusha ile miti iliyobaki anapanda ndizi. Ndivyo yalivyoisha mashamba ya upande wa Babu wa Kinu. La Mzee limesimama kwa sababu alikuwa anaacha miche ya msambu na ya mvule kila alipopalilia, tukadhani macho yameanza kumsumbua.

Sasa tangu lilale, mhesi umelivamia. Mti ule tulioletewa tangu enzi za Mjerumani, ambao kwao ni upande wa Ziwa Victoria, hapa umejikuta hauna wa kuuzuia. Penye nafasi tu unaota. Hondohondo wanakula matunda yake, wanaruka, wanadondosha mbegu kilometa kadhaa mbele. Ule ukataji wa mashine uliosimamishwa miaka ya 1980 uliacha mapengo mengi, na mhesi ukayajaza. Kwa hiyo yule mnunuzi akitaka mihesi, mimi simzuii! Tukae naye, apewe kibali kwa njia yake, aipasue kidogo kidogo huku sisi tunapanda misambu na miti ya asili katika mapengo. Mbao za mhesi zitakupa fedha ya ada mwaka huu, na shamba likabaki mikononi mwako. Mvule wa chemchemi ndio usiguswe. Ule ukianguka, chemchemi inapigwa jua, na wanaoteka pale ni nyumba kumi na saba pamoja na mama yangu.

Na maji hayaishii kwetu. Yanaingia Zigi, yanateremka mpaka Mabayani, yanakwenda kwenye mabomba ya Tanga mjini. Wachimba dhahabu walipovamia mito uliona wewe mwenyewe maji yalivyokuwa rangi ya chai ya maziwa. Wenzetu wa UWAMAKIZI, umoja wa wakulima wanaohifadhi mazingira ya mito Kihuhwi na Zigi, wamefanya kazi kubwa ya makingamaji na kupanda miti kandokando ya mito, na ninatamani siku moja kila anayefungua bomba Tanga ajue jina la kijiji chetu.

Utaniuliza sehemu ya chini italeta nini. Karafuu, mdalasini na pilipili manga inayopanda juu ya miti iliyosimama. Msambu nao: mbegu zake zina mafuta na zimekuwa zikinunuliwa, na wanaookota ni akina mama zaidi. Nyuki wanawezekana. Vipepeo… hapo roho inaniuma. Ulikuwa umeshaondoka. Akina mama wetu walikuwa wanafuga vipepeo kwenye vibanda vya nyavu, mabuu yakikomaa yanasafirishwa Ulaya na Marekani, na ada za watoto wengi zilitoka kwenye vile vibanda. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi ukasimamishwa, na vipepeo wakahesabiwa humo. Kwa siku moja tu. Mama mkubwa alikuwa na mabuu tayari, akayaangalia yakitoka mabawa, akafungua nyavu yakaruka. Alilia. Tangu siku ile nikajua kijiji kisishike kamba moja. Hifadhi inayotaka watu waiheshimu lazima iwape njia tano za kula, moja ikizibwa zibaki nne.

Ndiyo maana nina ombi jingine, na hili ni rahisi kwako. Huko kwenu wana msitu wa Arabuko-Sokoke, nao umo katika hifadhi hai pamoja na Malindi na Watamu. Pale Gede kuna mradi wa Kipepeo tangu mwaka 1993, wakulima wa kandokando ya msitu wanauza mabuu na asali. Siku ukienda Malindi kwa wakwe zako, pita. Waulize walivyojipanga, nani anakusanya, nani anauza, mkulima anapata malipo baada ya siku ngapi. Hilo la siku ngapi usilisahau. Niandikie kama walivyosema, usinipunguzie chumvi wala kuongeza.

Nimeandika kurasa nne na mkono unauma. Nyumbani mengine ni ya kawaida: Mwalimu wa hesabu amestaafu, kisima cha shule kimepona, na yule tuliyemwita Sajini ameoa mke wa pili na amekonda. Ng'ombe wako wa kwa shangazi amezaa jike.

Nakurudia kwenye shamba. Kila nikifumba macho naona ile futi kamba kwenye mvule. Mzee alitukalisha pale tukiwa na miaka tisa akatuambia tuhesabu sauti. Wewe ulifika kumi na moja, mimi nane, tukagombana kama chura anahesabiwa mara moja au kila anapolia. Juzi baada ya yule mtu kuondoka nilikaa palepale nikahesabu. Nilifika saba. Moja ilikuwa ile ya hondohondo, mbawa zake bado zinavuma vilevile kama upepo unapita kwenye bati.

Kila baada ya miaka kumi nchi inatakiwa kupeleka taarifa UNESCO kueleza hifadhi inaendeleaje. Wakija kupita huku, ningependa wakute ukanda wetu umefungana, juu mpaka chini, na kwenye ramani sehemu ile nyeupe imeandikwa jina la Mzee.

Sasa nijibu, moja moja. Umechukua fedha yoyote kwa yule mtu, hata kishika uchumba? Kama umechukua, ni kiasi gani, tuangalie namna ya kukirudisha? Wewe ndiye uliyemtuma baba mdogo, au amejituma? Ile karatasi ya shamba ya Mzee yenye muhuri wa kijiji iko kwako au ilibaki kwenye sanduku la shangazi? Uko tayari ikatwe sehemu ya juu, na ukiwa tayari, ungetaka kijiji kikuandikie nini ili moyo utulie? Unaweza kuja kabla ya mkutano, hata kwa siku mbili? Na kwa nini hupokei simu, au kuna shida nyingine huniambii?

Baba yako mdogo amenikubalia kusubiri mpaka mwezi uandame. Jumamosi nitakuwa Muheza sokoni, kuanzia saa nne asubuhi mtandao unashika vizuri. Piga wakati huo, nitakaa chini ya ule mwembe wa stendi mpaka uite.

Wasalimie wote, na mdogo umbusu.

Ni mimi mwenzako wa dawati la nyuma