Barua kwa wachimbaji wa dhahabu wa Ikolomani na Shinyalu, Kakamega: "milele" ya mwaka 1930

Vijana wangu wa machimbo, na nyinyi kina mama mnaosaga mawe,

Mulembe.

Juma lililopita katika baraza la habari za uchimbaji wa dhahabu, pale chini ya mkaratusi, nilisimama kusema jambo kuhusu dhahabu ya wakati wa mkoloni. Kijana mmoja, ambaye babake nilimfundisha kuandika, akaniambia kwa adabu kabisa: "Mzee, hiyo ni historia ya mtihani. Sisi tunataka kujua tutalipwa pesa ngapi." Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana alisema vizuri. Kisha ikapitishwa karatasi, kila mtu akaandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi, tukapewa soda na mia mbili za nauli, tukaenda zetu.

Nilipofika nyumbani ndipo nikajiuliza: ile karatasi juu ilikuwa imeandikwa nini? Mwalimu mzima, miaka 33 darasani, nimetia sahihi karatasi ambayo sikusoma kichwa chake. Usiku ule usingizi ulinikataa. Basi nivumilieni, nimalizie yale niliyokatizwa, halafu tuyarudie hayo ya karatasi.

Rosterman mnaijua. Leo ni jina la mtaa tu pale Kakamega, lakini ulikuwa mgodi, na ulifungwa mwaka 1952 nikiwa mtoto. Habari yake inaanza 1931, Mmarekani mmoja aliyeitwa L. A. Johnson, setla wa upande wa Turbo, alipopata dhahabu huku kwetu. Mahindi na kahawa vilikuwa vimeanguka bei dunia nzima, nzige wamepita, na masetla wa Uasin Gishu na Trans Nzoia walikuwa wamezama katika madeni. Waliposikia dhahabu, walikuja kwa mamia na mahema yao, wakapiga vigingi kila mahali, alama ya kudai haki ya kuchimba hapo. Kigingi kimoja kilipigwa katikati ya migomba ya kukhu, nyanya yangu mzaa baba.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo kijana wangu aliponikatiza. Ardhi hii haikuwa wazi, haikuwa pori la kuokotwa. Ilikuwa rizavu, yaani ardhi iliyotengewa wenyeji, na rizavu ilikuja kuwa na sheria yake.

Wazee wetu walikuwa wameshahamishwa na kalamu mara nyingi. Hadi mwaka 1902 eneo letu lote lilikuwa sehemu ya Uganda. Mwaka huo London ikasogeza mpaka, watu wakaamka wako katika himaya nyingine bila kutoka kitandani. Mwaka 1915 sheria ya ardhi ya Mfalme ikahesabu hata ardhi tunayolima kuwa ya Mfalme, na miaka michache baadaye Jaji Mkuu Barth akaamua mahakamani kwamba Mwafrika ni mpangaji tu, akae hapo kwa mapenzi ya Mfalme. Ndiyo maana mwaka 1930 watu walishusha pumzi ilipotungwa sheria mpya ya kulinda ardhi za wenyeji. Sheria hiyo ilisema rizavu ni za matumizi na faida ya makabila ya wenyeji milele. Neno ni hilo: milele. Na haikuishia hapo. Ilisema serikali ikichukua kipande kwa jambo la umma, itoe kipande kingine cha ardhi kuwa badala, na Baraza la Wenyeji la wilaya lishauriwe kwanza. Wazee walipoelezwa waliamini, na mimi siwalaumu. Ningekuwa mimi ningeamini.

Dhahabu ilipotoka, ile "milele" ikawa kero. Kutoa ardhi ya badala kulimaanisha kuipata mahali, na mahali penyewe pangekuwa wapi kama si kwenye mashamba ya masetla? Basi mwezi wa Desemba 1932 sheria ikapelekwa mbio katika Baraza la Kutunga Sheria la Nairobi, ikarekebishwa. Ardhi ikitwaliwa kwa ajili ya madini, ya badala haitolewi tena, ni fidia ya pesa. Na lile sharti la kushauri baraza la wilaya likaondolewa njiani. Ndani ya ukumbi ule hapakuwa na Mwafrika hata mmoja. Wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944. Milele ilidumu miaka miwili.

London kulikuwa na kelele. Bungeni walijadili mapema 1933, mmishenari Walter Owen, aliyekaa Nyanza miaka mingi, alipinga, na hata Lord Lugard, yule yule aliyeshiriki kuitia Uganda mikononi mwa Waingereza, alilalamika kwamba neno la serikali limevunjwa. Kelele zilikuwa za kweli, lakini sheria ilibaki ilivyorekebishwa na vigingi vikabaki vilivyopigwa.

Huwa nawaambia wajukuu zangu wasiitazame miaka ile kana kwamba watu wetu walikaa wakilia tu. Kukhu aliuza ndizi na mahindi kwa wafanyakazi wa mgodi mpaka akanunua jembe la chuma na blanketi, na alijivunia blanketi lile hadi kufa. Wanaume maelfu walipata kibarua. Wengine wetu, nisifiche, walikuwa mikono ya Mzungu: wakalimani na watu wa machifu walioonyesha vijito kwa malipo ya chumvi na nguo kuukuu. Lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko faida. Ilichangia kuzaliwa kwa chama cha North Kavirondo Central Association (North Kavirondo ndilo jina la wilaya yetu enzi hizo), ambacho kilizungumza habari ya ardhi na hati, na katika miaka hiyo hiyo jina la Abaluyia likaanza kupata nguvu, watu wa koo mbalimbali wakijiona ni kitu kimoja. Kabla ya hapo serikali ilituita Wakavirondo, jina ambalo hakuna mama yeyote wa huku aliyempa mwanawe.

Babu alilipwa shilingi chache kwa migomba iliyokatwa. Shimo lenyewe halikutoa kitu, wakaliacha wazi. Fahali wake wa mapigano aliingia humo usiku, akatolewa kwa kamba akiwa amekufa. Mahali pale sisi tunapaita "kwa Mzungu" mpaka leo, na mwaka jana nimepazungushia miiba tena kwa sababu ya watoto.

Haya, nije kwa zile pesa mlizotaka kujua.

Katiba ya 2010 inasema madini yote ni mali ya umma, yako mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo shamba laweza kuwa lako na dhahabu iliyo chini yake isiwe yako. Wengi wenu mnanuna nikisema hivyo, lakini ndivyo ilivyo, na afadhali mlijue kabla hajaja mtu mwenye gari kuwafundisha. Pamoja na hayo, Sheria ya Madini ya 2016 inataka mwenye shamba lenye hati akubali kabla mtu hajapewa haki ya kutafuta au kuchimba madini humo. Inasema pia asikatae bila sababu ya maana. Sasa, mwenye shamba anayetajwa hapo ni yule aliyeandikwa katika hati. Je, ni nani? Nimezunguka boma saba za majirani zangu nikauliza. Katika tano, hati ingali kwa jina la babu aliyezikwa zamani, tangu ardhi ilipopimwa miaka ya sitini. Wajomba wanne, binamu kumi na moja, kila mmoja ana kipande chake anacholima, na mbele ya sheria hakuna hata mmoja mwenye shamba. Mtu akitaka ridhaa hapo atachagua yule binamu mwenye njaa zaidi.

Kwa hiyo fungueni mirathi. Najua ni kazi: barua ya chifu inayotaja warithi wote, mahakama, kungoja, nauli za kwenda na kurudi, na yule shangazi aliyeolewa Butere ambaye mnataka kumsahau. Msimsahau. Binti ni mrithi kama kijana, na kesi nyingi zinazokwama ni zile zilizoficha mabinti. Anzeni na sachi, yaani kukagua kumbukumbu za hati, katika ofisi ya ardhi Kakamega, muone jina lililomo na kama kuna mtu ameweka zuio. Wengine mtashtuka.

La pili ni ile asilimia 10 mnayoiimba. Sheria inasema mrabaha, yaani fungu ambalo mchimbaji hulipa serikalini kwa madini anayotoa, unagawanywa: asilimia 70 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali panapochimbwa. Ni asilimia 10 ya mrabaha, si ya dhahabu. Tuseme mrabaha ni shilingi 5 katika kila shilingi 100 za dhahabu. Fungu letu sote ni senti 50. Si kitu cha kudharau mgodi ukiwa mkubwa, lakini kijana aliyeniambia atajenga ghorofa kwa asilimia kumi alikuwa amepigia hesabu mia nzima. Mwulizeni anayekuja kuwahutubia: fungu hilo litaingia katika akaunti gani, na nani watakaotia sahihi? Akijibu "mambo hayo yatapangwa", kaeni kitako msubiri yapangwe.

Zebaki, ile sumu mnayotumia kunasia dhahabu, sitaisemea mengi, mmeshahubiriwa vya kutosha. Nitasema tu kwamba ninaona mama akiikanda kwa mikono mitupu huku mtoto yuko mgongoni, na jioni kikaango kile kile kinarudi jikoni. Na shimo lisilo na nguzo msiingie siku ya mvua, hata kama mwenzako anakucheka.

Lililobaki ni la karatasi. Mwaka 1932 waliobadilisha sheria hawakuhitaji sahihi zetu. Ndiyo maana hawakuziomba. Leo wanaziomba, maana yake zina thamani, na sisi tumeziuza kwa soda. Orodha ya waliohudhuria si ridhaa, lakini karatasi yenye majina 140 na nambari za vitambulisho ikibandikwa nyuma ya barua nyingine inaweza kuitwa chochote. Sisemi aliyeileta ni mwovu. Nasema hatukusoma. Kuanzia sasa yeyote atakayetupitishia karatasi aisome kwa sauti mbele ya watu, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, atuachie nakala, na katibu wetu aandike katika daftari kilichosemwa na nani alikisema. Akiahidi jambo, mwulizeni pia nani ana uwezo wa kulibadilisha baadaye na atatujulisha vipi. Swali hilo wazee wa 1930 hawakupewa nafasi ya kuliuliza.

Alhamisi hii saa tatu asubuhi nakwenda kwa chifu kuomba nakala ya karatasi yetu. Nataka wanne wafuatane nami, wawili wawe kina mama, na yule kijana wa "historia ya mtihani" awe mmoja wao, kwa sababu ana sauti na haogopi mtu. Mwenye miwani ya kusomea aje nayo. Yangu imevunjika mkono mmoja, na maandishi ya juu ya karatasi zile huwa madogo sana.

Ni mimi babu yenu,
mwalimu mstaafu, Ikolomani