Kichuguu cha Paimol: barua kwa Anselmi

Ndugu yangu Anselmi,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako imenikuta ndiyo kwanza nimerudi kutoka Uganda, na kwa kuwa umeniuliza liliko kaburi la wale makatekista wawili vijana, Daudi Okelo na Jildo Irwa, unaotaka kuwasimulia watoto wako wa kipaimara, nakujibu kabla vumbi la Kitgum halijanitoka viatuni.

Ulidhani kaburi liko Paimol, kijiji walikouawa. Nami nilidhani hivyo hivyo. Mabaki ya Mwenye Heri Daudi Okelo yalikusanywa Februari 1926, na baadaye yakawekwa katika kanisa la misioni ya Kitgum, chini ya altare ya Moyo Mtakatifu. Ni mahali pa heshima, sina neno. Lakini kwa miaka saba na ushei kabla ya hapo, kaburi lake lilikuwa kichuguu. Alipouawa, Oktoba 1918, maiti yake ilikaa siku kadhaa bila kuzikwa, hadi watu fulani walipoifunga kamba shingoni, wakaiburuta mpaka kwenye kichuguu kitupu kilichokuwa jirani. Wewe umezika wengi kigangoni kwako, unajua maana ya mtu kwenda kaburini bila sanda wala sala.

Katika nchi ile ya Waacholi vichuguu ni vingi, vya udongo mwekundu mgumu kama tofali, na vingine vinampita mtu kimo. Kila nilipokiona kimoja kandoni mwa barabara nilijikuta nakikodolea macho, kama mtu anayemtafuta ndugu yake sokoni.

Daudi alikuwa na umri wa miaka 16 hivi, na mwenzake Jildo Irwa yapata 12. Walibatizwa Juni 1916, Daudi tarehe 1 na Jildo tarehe 6. Mtu aitwaye Antonio ndiye aliyekuwa katekista wa Paimol, na alipofariki mwaka 1917 Daudi aliomba kushika nafasi yake, ingawa Padre Cesare Gambaretto alimweleza wazi hatari zilizokuwako. Kila alfajiri alipiga ngoma kuwaita wanafunzi wake kwenye sala, kisha akawakaririsha maswali na majibu ya katekisimu, mengine kwa kuimba.

Usiwaambie watoto kwamba ilikuwa chuki ya dini peke yake. Mkuu wa wilaya wa Kiingereza alikuwa amemnyang'anya chifu wa Paimol sehemu ya madaraka yake na kumpa mtu mwingine, ugomvi ukazuka, na walioichukia dini mpya wakapata upenyo. Wauaji walipofika kabla hakujapambazuka, mzee mmoja aliwasihi wasiwaguse vijana wale kwa kuwa walikuwa wageni wake, lakini hawakumsikiliza. Daudi alichomwa mkuki. Jildo, mtoto yule, akawaambia wamuue na yeye, maana kazi waliifanya pamoja.

Papa Yohane Paulo wa Pili aliwatangaza wenye heri tarehe 20 Oktoba 2002, na pale walipofia sasa panaitwa Wi-Polo, yaani mbinguni. Jina ni zuri, ila nisingependa watoto wako walisikie kabla hawajasikia habari za ile kamba.

Ile ngoma ya kigango, ngozi yake imekwisha kuwambwa upya? Kama bado, niandikie, nitakuja nayo ngozi ya mbuzi wakati wa likizo. Nisalimie mama watoto.

Wako katika Kristo,
Fidelisi