YAH: Jina langu kuachwa katika matokeo ya mbio za kilomita 50

Jambiani, Unguja

Kwa Mkurugenzi wa kampuni iliyoandaa mbio

Ndugu Mkurugenzi,

Assalamu alaykum.

Mimi ni mkimbiaji nambari 112. Nilijiandikisha kilomita 50, nikalipa ada kwa simu, nikapewa nambari na stakabadhi. Niliondoka Paje alfajiri pamoja na wenzangu, nikamaliza kwa saa 6 na dakika 41. Matokeo yalipobandikwa, jina langu halimo. Nilipofika ofisini kwenu, afisa wenu alinijibu: "Bibie, kilomita 50 si masafa ya wanawake. Nyinyi tumekuwekeeni kilomita 10."

Hapana aliyenambia hayo wakati wa kupokea ada.

Jibu hilo limeniuma sana, kwa sababu si geni. Mwaka 1923 huko Afrika Kusini, Frances Hayward alikataliwa kuandikishwa katika mbio za Comrades, takriban kilomita 90 baina ya Durban na Pietermaritzburg. Alikimbia hivyo hivyo, akamaliza kwa saa 11 na dakika 35. Waandaaji hawakumtambua, waliomuona ndio waliochangishana wakamnunulia vyombo vya chai vya fedha. Wanawake walikuja kuruhusiwa rasmi mwaka 1975. Na katika marathoni ya Boston, Marekani, mwaka 1967, ofisa wa mbio alimrukia Kathrine Switzer njiani ili amng'oe nambari yake, 261. Afisa wenu hakunigusa, lakini kuufuta muda wangu ni kuing'oa nambari ile ile.

Kama hoja ni kwamba mwili wa mwanamke hauhimili, basi mwaka 2002 Pam Reed alishinda mbio za Badwater, takriban kilomita 217 za joto kali la California, akiwatangulia wanaume wote. Mwaka 2003 akashinda tena. Mwaka 2019 Jasmin Paris alikuwa wa kwanza kwa wote katika Spine Race ya Uingereza, zaidi ya kilomita 420, kwa saa 83 na dakika 12, na vituoni njiani akikamua maziwa yake kwa ajili ya mwanawe mdogo. Mimi pia ni mama. Habari ile ndiyo iliyonitoa nyumbani nikaanza mazoezi.

Wala hamkuhitaji kwenda mbali. Njia yenu ilipita mbele ya mama zetu wanaotoka kwenye mwani maji yakishakupwa, magunia mabichi kichwani, jua la utosini. Hao ndio walionipa dafu pale nilipokuwa nimeishiwa nguvu. Wao walinihesabu.

Naomba ndani ya siku 14 muandike jina langu na muda wangu katika matokeo rasmi, na mbio zijazo kilomita 50 iwe wazi kwa wanawake, nao wawe na orodha yao ya washindi. Nimeambatanisha nakala ya stakabadhi na picha nikivuka mstari wa mwisho, saa yenu ikionekana juu yangu.

Ada sitaki kurejeshewa. Nataka jina langu.

Wenu,
Mkimbiaji nambari 112