Kuvu za kuulia utando zianzie bwawani, si baharini

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyependekeza katika safu hii kwamba maji machafu yanayoota utando wa kijani yatiwe kuvu, hata yale ya ufukweni. Nasema utando kwa makusudi, kwa kuwa wataalamu nao huuita mwani, ilhali kwetu Zanzibar mwani ni ule tunaoufunga kambani tangu mwaka 1989 na unaosomesha watoto.

Wazo lake si la kubezwa. Watafiti wa China walichukua kuvu zinazoozesha magogo, mojawapo ikiitwa Trichaptum abietinum, wakaziweka pamoja na viumbe wa utando huo, wakiwamo Microcystis, na katika muda wa saa 48 nyuzi za kuvu zilikwisha kuwazingira na kuwameng'enya. Lakini hayo yalifanyika maabara.

Mimi nafuga samaki aina ya mwatiko hapa Wete. Msimu mmoja bwawa langu liligeuka kijani kama mchuzi wa kisamvu. Mchana samaki walikuwa wazima. Alfajiri niliwakuta juu ya maji wakitweta, vinywa wazi, kwani utando hutoa oksijeni kukiwa na jua na usiku huitumia. Nikatia dawa niliyouziwa. Utando ulikufa wote kwa mkupuo, ukaoza, na uozo ule ukamaliza oksijeni iliyobakia, nikashinda siku mbili nikifukia samaki. Kuvu inayoua kwa kasi hiyo, bila ya maji kutiwa hewa, yaweza kutufikisha pale pale. Tena Microcystis akipasuka huachia sumu inayodhuru ini, ambayo haiondoki kwa kuchemsha maji.

Baharini sikubali kabisa, maana sioni kwa nini mama mkulima wa mwani wa Micheweni ajaribiwe yeye na kamba zake kwanza. Isitoshe, utando hulishwa na naitrojeni na fosforasi za vyooni na mashambani, na kuvu haizibi mfereji.

Wanaohusika na wachague bwawa moja ambalo maji yake hayatoki kwenda baharini, watumie kuvu za magogo ya Msitu wa Ngezi wa hapa Pemba badala ya kuagiza za nje, na wapime oksijeni kila alfajiri kabla ya jua kuchomoza. Langu lipo tupu tangu msimu ule, nalitoa.

Mfugaji wa mwatiko,
Wete, Pemba