Kuhusu ile chanjo ya mtoto

Shoga yangu,

Meseji yako niliisoma usiku nikaona hii sio ya kujibu kwa mistari miwili. Unasema wa kwanza alitoka ukurutu baada ya sindano, kwa hiyo huyu mdogo unataka umcheleweshe mpaka afikishe mwaka usije ukamletea aleji na pumu. Nakuelewa, maana hapo na mimi nilishapita.

Wangu alipochomwa ile ya miezi miwili, siku nne baadae mashavu mekundu, mikunjo ya viwiko imechanika, anajikuna mpaka asubuhi shuka ina vidoa vya damu, ikabidi nimvalishe soksi mikononi. Nikasema sindano hiyo, nini kingine. Sasa siku moja nafuta mapicha kwenye simu nakuta moja ana wiki tano tu, na lile shavu lishaanza kukwaruza, yaani wiki kama tatu kabla hajachomwa na mimi sikuona! Ukurutu huwa unaanza miezi ile ya mwanzo mwanzo, na chanjo nazo zimepangwa hapo hapo, kwa hiyo vitakutana tu hata kama havijuani.

Na hili jambo limepimwa. Sweden walichukua watoto 669, wakagawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata chanjo ya kifaduro wengine hawakupata, wakafuatiliwa mpaka miaka miwili na nusu, aleji zikawa karibu sawa. Ujerumani nao waliangalia watoto zaidi ya 13,000 kati ya 2003 na 2006, wasiochanjwa kabisa hawakuwa na nafuu yoyote ya aleji, walichowazidi wenzao ni kuugua yale magonjwa yenyewe. (Ila hao wasiochanjwa walikuwa wachache sana, mimi ya Sweden ndo naiamini zaidi.)

Ile hoja kwamba mtoto asipougua kinga inakosa kazi inaanza kugombana na vumbi, chanzo chake ni David Strachan wa Uingereza, mwaka 1989, aliyeona watoto wenye kaka na dada wengi hawapati sana mafua ya mzio. Lakini alihesabu ndugu, hakuhesabu sindano. Na surua, zaidi ya kuifundisha kinga kuijua surua yenyewe, haiisaidii kitu, inaifutia hata mengi iliyokuwa inakumbuka.

Kama unataka kitu cha kupunguza aleji kweli, angalia chakula. 2015 Uingereza walionyesha watoto wenye ukurutu mkali au aleji ya mayai walioanza kula karanga kabla ya kufikisha mwaka, aleji ya karanga kwao ilipungua sana kuliko waliokatazwa. Ila wewe usianze kienyeji, huyo akitoka ukurutu mkali muone daktari kwanza, na karanga nzima usimpe, itamkaba.

Kitu kimoja tu cha kumwambia nesi: kama sindano iliyopita alivimba midomo au akashindwa kupumua muda ule ule. Hiyo ni habari nyingine, ni nadra mno, na ndo maana wanakwambia usiondoke kwanza ukishachomewa mtoto.

Ila kusubiri mwaka hapana shoga. Kifaduro kinawaonea wachanga wa miezi ya mwanzo kama huyu mdogo kuliko mtu yeyote, wengine hata hawakohoi, wanaacha tu kupumua.

Hebu tafuta picha za wa kwanza za kabla hajachomwa, uvute shavu kwa karibu, kisha niambie umeona nini.