Baada ya sakitu

Köln, 3 Agosti

Mama Upendo mpendwa,

Habari za siku nyingi, na pole sana. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye tramu, natoka zamu ya usiku, na niliurudia mara tatu kabla ya kufika nyumbani. Uliposema umeamka ukakuta vinyungu vyote, bustani zetu zile za bondeni, vimekuwa vyeupe, na kufikia saa nne majani ya viazi yameshakuwa meusi kama yaliyomwagiwa maji ya moto, niliuona mteremko ule wote mpaka kijitoni. Hata ile harufu ya majani yaliyoungua niliisikia. Sakitu ya Njombe, baridi ile inayogandisha umande, haina huruma. Inashuka usiku, inatuama bondeni, na bondeni ndiko tunakolima kwa sababu ndiko kwenye maji.

Ukaniuliza swali ambalo limenikaa kichwani tangu siku ile: mimi niliye kwenye nchi za baridi nikuambie, wenzetu huku baridi ikizidi huwa wanapata majira gani baada yake. Baba mkwe wako anasema baridi kali huvuta mvua njema, na kwa neno hilo unataka kukopa, ununue mbegu, ulime mara mbili ya mwaka jana. Sikutaka kukujibu juu juu kwenye simu. Nimeuliza watu, nimekaa maktaba Jumamosi mbili, na leo sina zamu, kwa hiyo soma taratibu.

Huku nako wazee wana neno lao. Wakulima wa Kijerumani husema Januari ikiwa ya baridi na nyeupe, majira ya joto yatakuwa ya moto kweli. Basi nikaanza na mzee. Kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi kuna bibi mmoja ambaye huja jikoni kutusaidia kumenya viazi, ingawa si kazi yake. Anamenya kwa kisu kidogo chenye mpini wa mbao, polepole, na maganda yake huwa membamba hata ukiyainua dirishani mwanga unapita. Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema: 1947.

Alikuwa na miaka tisa. Vita vimekwisha, mji huu umebomolewa wote, wanaishi kwenye chumba cha chini ya ardhi, na baridi ya mwishoni mwa 1946 ikaingia na kukataa kutoka mpaka Machi. Hakuna makaa ya mawe, hakuna chakula. Wajerumani wanaiita baridi ya njaa. Kaka yake alikuwa anapanda juu ya mabehewa ya makaa treni inaposimama, anarusha chini, yeye anaokota kwa aproni. Na usiku wa kufunga mwaka 1946, Kardinali Frings alipanda mimbarani katika kanisa moja hapa Köln akasema kwamba kwa shida iliyopo, mtu anaweza kuchukua kinachohitajika kulinda uhai na afya yake, ikiwa hawezi kukipata kwa kufanya kazi wala kwa kuomba. Watu wakatengeneza kitenzi kutoka kwenye jina lake: kwenda kuchukua makaa ikawa "fringsen". Bibi alipolitamka neno hilo alitabasamu, halafu akanyamaza, akaendelea kumenya.

Nikamuuliza, na majira yaliyofuata? Akasema jua. Jua siku baada ya siku, mvua ikagoma. Viazi walivyochimba vilikuwa vidogo, akanionyesha kwa vidole vyake, na mimi nikaona ndulele.

Uingereza nako baridi ile ile ilikuwa na mkia mrefu. Kuanzia tarehe 22 Januari mpaka 17 Machi 1947 hakukupita siku ambayo theluji haikuanguka mahali fulani nchini. Kondoo kama milioni nne walikufa. Viazi walivyokuwa wamevifukia kuvihifadhi vikaganda na kuoza. Mwezi Machi mvua ilipokuja na joto kidogo, theluji ikayeyuka kwa mkupuo, lakini ardhi ilikuwa bado imeganda chini, haipokei maji, mito ikafurika na nyumba zikaingiwa. Halafu Agosti ikawa ya joto kali na kavu. Kumbuka ni mwaka huo huo Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga kule kwetu Kongwa, kwa kuwa hata mafuta ya kula walikuwa hawana.

Nilipofika hapo nikasema Wajerumani wamesema kweli: baridi kali, kisha joto kali, ingawa mvua njema ya baba mkwe wako haikuonekana. Lakini Waingereza wana kumbukumbu ya joto la kila mwezi inayorudi nyuma mpaka 1659, na ukilifuata neno la wazee humo ndani, linayumba. Majira ya baridi ya 1962 kuingia 1963 yalikuwa makali kuliko yote England tangu 1740. Bahari iliganda pwani ya Kent. Huku kwetu Ziwa Bodensee, lililoko kati ya Ujerumani, Uswisi na Austria, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 60, liliganda lote. Tarehe 12 Februari 1963 watu wa kijiji cha Hagnau walibeba sanamu ya Mtakatifu Yohana wakaandamana nayo kwa miguu juu ya barafu mpaka Münsterlingen, ng'ambo ya Uswisi. Ni desturi yao: ziwa likiganda lote sanamu huvushwa, na inabaki upande huo mpaka ligande tena. Kabla ya hapo ilivushwa 1830. Hadi leo iko Münsterlingen, inangoja.

Sasa baada ya baridi kubwa namna hiyo, unadhani England walipata joto gani? Hakuna kitu. Juni, Julai na Agosti za kawaida, zenye ubaridi kidogo. Kisha ukija 1976, ambao ni miongoni mwa majira ya joto yasiyosahaulika Uingereza, unakuta baridi iliyotangulia ilikuwa laini. Na 2018 niliuona kwa macho yangu: mwishoni mwa Februari upepo wa Siberia ulitupiga hata nikavaa soksi mbili mbili, halafu jua likawaka kuanzia Aprili mpaka vuli. Oktoba ile kipimo cha mto Rhine hapa Köln kilishuka mpaka sentimita 69, kipimo cha chini kuliko chochote kilichowahi kuandikwa. Niliteremka na watoto tukatembea juu ya mawe ambayo siku zote yako chini ya maji.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hilo: baridi peke yake haisemi majira yajayo yatakuwaje. Mwaka mmoja neno la wazee linasimama, mwaka mwingine linaanguka. Mimi nisingekopa kwa neno hilo.

Lakini nimejifunza kitu kingine ambacho sikukitafuta, na ndicho kilichonifanya nikae Jumamosi ya pili. Mavuno yanayofuata hayategemei sana ukali wa baridi. Yanategemea imekuja siku gani na imeikuta ardhi katika hali gani.

Chukua Ufaransa 1709. Usiku wa kuamkia sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari, baridi iliporomoka ghafla karibu Ulaya nzima. Karibu na London mchungaji mmoja, William Derham, aliyekuwa akipima joto kila siku, alipata kama nyuzi 12 chini ya sifuri. Wangwa wa Venice uliganda watu wakatembea juu yake. Kwenye kasri la Versailles divai iliganda ndani ya chupa. Ngano ya Wafaransa ilikuwa imeshapandwa tangu vuli, iko ardhini, na ingeweza kuvumilia, kwa sababu theluji ikiifunika ngano huwa ni kama blanketi. Tatizo ni kwamba baada ya wiki chache joto lilirudi kidogo, theluji ikayeyuka, ardhi ikalowa, kisha baridi ikapiga mara ya pili juu ya ardhi tupu yenye maji. Mizizi ikakatika. Hiyo ya pili ndiyo iliyoua.

Wengi walingoja. Walikaa wakitazama mashamba wakitumaini ngano itachipua tena. Wale waliopata mbegu ya shayiri wakaipanda majira ya machipuko ndio waliovuna, na shayiri ile iliokoa watu wengi. Hata hivyo bei ya mkate ilipanda kupita uwezo wa maskini, homa zikafuata njaa, na hesabu ya wanahistoria ni kwamba Ufaransa ilipoteza watu kama 600,000 katika 1709 na 1710. Mfalme Louis XIV alipeleka vyombo vyake vya dhahabu vikayeyushwe, na vita vyake akaendelea navyo.

Habari ya Ireland sikuweza kuisoma kwa mkupuo mmoja, nilisimama nikaenda kunywa maji. Maskini wa huko walikuwa wanaishi kwa viazi, na viazi vyao, vya kula na vya mbegu, walikuwa wanaviacha ardhini chini ya udongo kidogo, wanachimba kadiri wanavyohitaji. Mwishoni mwa Desemba 1739 baridi ikaja na upepo wa mashariki, ikapenya udongo ule. Vyote vikaoza. Machipuko ya 1740 mvua haikunyesha, nyasi hazikuota, ng'ombe na kondoo wakafa. Kisha vuli theluji ikaja mapema. Mwaka uliofuata, 1741, Waairishi wanauita Bliain an Áir, mwaka wa mauaji. Nchi ilikuwa na watu kama milioni mbili na nusu, na katika miezi ishirini na kitu walikufa kati ya laki tatu na laki tano karibu. Katika wilaya ya Kildare bado umesimama mnara mrefu wa mawe ambao mama mmoja mjane tajiri, Katherine Conolly, aliujengesha ili wenye njaa wapate kibarua. Mama Upendo, nilipousoma huo mkasa niliona vinyungu vyako. Msimu mmoja mbaya waliuvuka wengi. Misimu iliyofuata ilikuta ghala tupu na mbegu hakuna.

Hapa Köln kwenyewe, Februari 1784, barafu ya Rhine ilivunjika yote kwa pamoja baada ya baridi ndefu, maji yakapanda mpaka mita 13 na nusu, wakati kawaida ni mita tatu na kitu. Mülheim, ng'ambo ya pili, ambako mimi napandia tramu kila siku, palifagiliwa na mabonge ya barafu. Tangu niisome habari hiyo nikivuka daraja huwa natazama chini.

Sasa la mwisho, kwa ajili ya parachichi zako. Ulisema miche imekauka juu na shemeji anataka kuing'oa yote. Mwambie asubiri. Kusini mwa Ufaransa, Februari 1956, mizeituni ilipigwa vibaya mno. Januari ilikuwa na joto, utomvu ukawa umeshaanza kupanda, miti ikadhani majira yamefika, ndipo baridi ikaangukia hapo hapo. Magome yalipasuka. Wakulima wengi wakang'oa wakapanda mizabibu. Lakini waliokata shina chini karibu na ardhi wakangoja, waliona machipukizi yakitoka kwenye kisiki, na mizeituni mingi inayozaa sasa upande ule imetoka kwenye visiki hivyo.

Ila miparachichi yako imebebeshwa, Hass ya kisasa juu ya shina la kienyeji, kwa hiyo angalia sana. Usikate kitu sasa hivi. Acha mpaka joto lirudi mche uonyeshe wenyewe umekufa mpaka wapi. Chipukizi likitoka juu ya pale palipobebeshwa, hiyo bado ni Hass yako, itunze. Likitoka chini yake ni mti wa kienyeji unaorudi, nao itabidi uubebeshe upya. Kwa huo unahitaji kikonyo tu, kijiti cha kubebeshea, si mche mpya, na fedha utakayookoa si ndogo.

Na kinyunguni, kama unyevu bado upo, weka njegere na mboga mapema badala ya kukitazama kilivyo. Viazi vyovyote vilivyopona chini ya udongo vichambue, vilivyo imara weka vya mbegu hata kama ni debe moja, usiviuze kwa sababu bei imepanda. Mvua ikiwa njema Novemba utakuwa na pa kuanzia, na ikiwa si njema hutakuwa na deni. Na tafadhali, kwa wale wakopeshaji wa kausha damu usikanyage. Mwisho wa mwezi nikipokea mshahara nitakutumia kidogo cha mbegu kwa simu, na usianze kunikatalia kama mwaka juzi. Uliponipa nusu ya daftari lako darasa la tano nilikukatalia?

Yule bibi nimemweleza habari zako. Aliniuliza sakitu hiyo ilikuja kabla viazi havijatoa maua au baada, kwa sababu anasema vikishatoa maua chini huwa kuna chochote. Sikujua la kumjibu. Chimba mashina mawili matatu kwenye kila kinyungu, unitumie picha, nimpelekee Jumatatu.

Msalimie baba mkwe kwa heshima zote, usimwambie nimembishia. Upendo mwambie viatu vya shule nimeshavipata.

Rafiki yako wa dawati moja,
Mama Baraka