Kabla hujaitisha kikao cha kwanza

Mpendwa Mama Baraka,

Salamu nyingi na hongera sana! Habari za uteuzi wako nilizipata kwa Mama Jeni, nikapiga vigelegele mpaka watoto wakatoka ndani kuuliza kuna nini. Huku wote wazima, ila mzee goti bado linamsumbua. Kimya changu kisikutie shaka, ni kazi tu. Mengine ya nyumbani tutaongea kwa simu.

Nimeona nikuandikie kwa sababu sasa wewe ni mkuu wa shule, na kuna jambo limenikaa rohoni.

Tuna kijana wa Biolojia hapa, ajira mpya, anawahi kazini kuliko sisi sote. Mtihani wa utamilifu wa kidato cha nne uliposahihishwa, maswali ya jenetiki karibu darasa zima waliyaacha wazi. Kumbe mada ile hakuifundisha. Aliwapa nukuu wakanakili, akasonga mbele. Na meza yake imepakana na ya Babu, mwalimu wetu mkongwe! Unamjua Babu, jenetiki anaifundisha hata akiamshwa usiku wa manane. Muhula mzima wamekunywa chai ya chupa moja, na kijana hakuthubutu kumwambia, "Babu, hapa sielewi."

Angethubutuje? Mwezi wa pili mwenzetu mmoja alisema kikaoni kwamba mada hazitaisha kwa wakati. Akajibiwa mbele ya wote kuwa kama kazi imemshinda, mtaani wapo wengi wanaoitafuta. Nilimwona kijana akifunga daftari lake taratibu. Tangu siku ile, ikiulizwa "Nani ana swali?", kila mtu anainamia simu. Kikao chenyewe tunakuja kukifanya chini ya mwembe, mkuu akiwa hayupo. Kijana naye kaandikiwa barua ya kujieleza. Kajieleza, barua ikaingia kwenye faili, na watoto jenetiki hawaijui mpaka Babu alipojitolea kuwafundisha jioni.

Simtupii mkuu wetu lawama zote. Naye akiitwa huko juu anaulizwa asilimia za ufaulu kwa sauti hiyohiyo, akirudi anatupokeza hofu aliyopewa. Lakini lazima mtu mmoja akubali iishie kwake, na ninakuomba uwe wewe.

Kuna mtafiti wa Harvard, Amy Edmondson, aliyechunguza wauguzi kwenye hospitali za Marekani miaka ya 1990. Alitarajia timu zinazofanya kazi vizuri ziwe na makosa machache ya dawa, akakuta ndizo zenye makosa mengi kwenye kumbukumbu. Baadaye akaelewa: wale walikuwa huru kuyasema, wenzao walikuwa wanayaficha. Mwaka 1999 akaandika juu ya hali hiyo, ndiyo wanayoiita usalama wa kisaikolojia. Niliposoma nikamfikiria kijana wetu. Shule isiyosikika kosa lolote ofisini, mama, iogope.

Sisemi ulegeze kamba. Mlevi, mtoro, anayewadhuru watoto, hao wana taratibu zao na Tume ya Utumishi wa Walimu ipo. Ninamsema mwalimu anayejitahidi na amekwama. Huyo ndiye MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, ilikusudiwa imsaidie, lakini jumuiya ya ujifunzaji, pale walimu wanapokaa kufundishana, itamsaidia nini kama walimu wanasaini mahudhurio, wanapiga picha, na hakuna anayetaja mada inayomsumbua?

Wewe bado una vipindi vya Kiswahili. Kabla hujaingia kukaa nyuma ya darasa la mtu, waalike wao waje wakae nyuma ya lako, kisha uwaulize wapi hukueleweka, na wakikuambia uandike. Kikaoni waanze kusema ajira mpya, wakubwa wafuate. Akishasema Babu nani atampinga? Na matokeo usiyasome kwa majina mbele ya watu. Muite mtu ofisini, mpe kiti, muulize kwanza ni nini kilimkwamisha.

Najua watakuambia unawadekeza. Yule makamu wako, kama ni yuleyule wa enzi za chuo... haya, hilo tuliache, utaliona mwenyewe.

Sasa niambie: umewakuta walimu wangapi, na wa sayansi wanatosha? Ofisini wanacheka ukiingia au wananyamaza? Mkuu aliyetoka aliondokaje, kwa amani? Mwalimu wako wa Biolojia ni mtu wa namna gani, anaweza kuzungumza na kijana wetu kwa simu kuhusu mada za kidato cha tatu? Ana hamu ya kujifunza, ila hapa anaona haya bado. Na nyumba umepata, au unalala kwa Mama Jeni?

Nijibu kabla ya kikao chako, tafadhali.

Rafiki yako,
Mama Tuma